Maji Hayajui Kigingi cha Mpaka

Somo kwa wakulima wa skimu za makazi

Siku mvua kubwa itakapoanza kunyesha mchana, usikimbilie jikoni kuota moto. Kama kuna radi, ngoja ipite kwanza. Kisha jifunike gunia au koti la mvua, chukua jembe lako, utoke ulizunguke shamba lako lote. Panda mpaka juu kabisa, kwenye mpaka wa jirani yako wa juu, halafu ushuke polepole ukiyafuata maji. Tazama yanaingilia wapi. Je, yanatoka barabarani, au katika njia ya ng'ombe, au katika shamba la viazi la jirani? Tazama yanakimbia wapi na yanatulia wapi. Zaidi ya yote tazama rangi yake. Yakiingia yakiwa safi na kutoka yakiwa mekundu, ule wekundu ni shamba lako linaondoka.

Saa moja ya namna hiyo itakufundisha mambo ambayo huwezi kuyaona katika miezi mingi ya jua. Rudi nyumbani, ujikaushe, kisha uchukue karatasi na kalamu ya risasi uchore ulichokiona: mpaka, barabara, nyumba, boma la ng'ombe, na mistari ya maji. Haidhuru mchoro ukiwa mbaya. Huo ndio mwanzo wa mpango wa shamba, na maneno mengine yote ya somo hili yanatokana na mchoro huo.

Wakulima wengine husema kwamba mvua ni ya Mungu na haipimiki. Lakini kuipima si kazi ngumu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Eka moja ni kama mita za mraba 4,047. Basi mvua ya milimita 30, ambayo huweza kunyesha alasiri moja tu, humwaga juu ya eka moja lita zaidi ya 121,000, yaani madebe 6,000 ya lita 20. Ardhi yenye majani na samadi huweza kunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Ardhi tupu iliyopigwa na matone hujifunga juu kama sakafu, nayo maji hayana budi kukimbia.

Sasa fikiri juu ya barabara. Barabara ya murramu yenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 500 hupokea lita 90,000 kwa mvua hiyo hiyo ya milimita 30, na kwa kuwa barabara hainywi, karibu yote huteremka. Yataingia katika ploti gani? Kwa kawaida huingia kwa mtu yule aliye mahali barabara inapopinda au inapofika chini. Mtu huyo huamka siku moja akakuta korongo katikati ya mahindi yake, naye akadhani amepatwa na bahati mbaya.

Na udongo unaochukuliwa je? Udongo wenye unene wa milimita 1 ukiondoka katika eka moja, uzito wake ni kama tani 5. Hiyo ni lori zima. Lakini milimita 1 huwezi kuiona kwa macho, na ndiyo sababu mkulima hukaa miaka kumi bila wasiwasi, mpaka siku mawe yanapoanza kuonekana na mahindi kuwa na rangi ya njano hata baada ya kutiwa mbolea ya dukani.

Hebu sasa tuangalie kigingi cha mpaka. Skimu za Eka Milioni Moja zilianza mwaka 1962, na katika miaka iliyofuata familia zipatazo 35,000 zilikaa katika ardhi ambayo zamani ilikuwa mashamba makubwa ya walowezi. Mpima ardhi alipewa kazi ya kuligawa shamba moja kubwa liwe ploti nyingi. Alitaka kila ploti ifikiwe na barabara, na ikiwezekana ifike kwenye maji. Kwa hiyo mahali pengi alipiga mistari iliyonyoka kutoka mgongo wa kilima mpaka kijito. Hakufanya vibaya, bila mistari hiyo watu wangegombana mpaka leo. Lakini shamba ambalo lilikuwa na mwenyewe mmoja, likiwa na mfereji mmoja wa kutoa maji na malisho yaliyopangwa na mtu mmoja, sasa lilipata wenyewe hamsini, kila mtu na mawazo yake.

Tuseme mkulima wa juu ameona maji yanamharibia viazi. Anachimba mtaro mzuri wa kuyakinga, anauelekeza pembeni, na mtaro unakwisha penye kigingi. Yeye amemaliza kazi yake, na shamba lake limepona. Jirani yake wa chini, ambaye zamani alipokea maji yaliyotawanyika, sasa anapokea mto. Nimekwenda mara kadhaa kusikiliza ugomvi wa namna hii, na kila mara huyu wa juu huonyesha mtaro wake kwa fahari kabisa, akishangaa kwa nini anashtakiwa. Ukweli ni kwamba mtaro usio na mahali salama pa kumwaga maji yake ni afadhali usichimbwe.

Kwa sababu hiyo jambo la kwanza katika mpango wa ardhi si ploti, bali ni mteremko mzima, kutoka mgongo wa kilima mpaka kijitoni. Wale wote ambao maji ya mvua hupita kwao ni watu wa shamba moja, wapende wasipende. Wakikutana nyumbani kwa mmoja wao, kila mtu na mchoro wake, wataona mara moja ni wapi njia moja ya maji inaweza kupita kwa faida ya wote. Njia hiyo iwe pana na ya kina kidogo, ioteshwe majani, isilimwe kamwe, na ng'ombe wasifanye njia ndani yake. Mara nyingi kuna mahali ambapo maji yenyewe yamekwisha kupachagua tangu zamani. Ni bonde dogo ambalo mtu amelilima kwa tamaa ya kuongeza mistari mitatu ya kabeji. Mpeni mtu huyo haki yake. Ikiwa anatoa ardhi yake ipitishe maji ya watu wanane, watu wanane wamsaidie kuchimba na kupanda majani, na majani akate yeye kwa ng'ombe wake.

Huenda mzee mmoja katika mkutano akakasirika akisikia neno matuta, na yafaa vijana wajue kisa chake. Wakati wa serikali ya kikoloni kazi ya matuta ilikuwa ya lazima. Huko Machakos, mwaka 1937, afisa wa kuhifadhi udongo aliyeitwa Colin Maher aliandika taarifa juu ya vilima vilivyobaki vitupu, na serikali ikaamua kuwapunguza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu. Mwaka 1938 umati wa watu ulikwenda Nairobi ukiongozwa na Muindi Mbingu kulalamikia ng'ombe waliochukuliwa. Huko Murang'a, mwaka 1947, watu waliikataa kazi ya matuta ya kulazimishwa, kazi ambayo sehemu kubwa ilikuwa juu ya migongo ya wanawake. Mtu aliyechimba kwa kuamriwa, katika shamba ambalo halikuwa na faida kwake, hawezi kulipenda tuta.

Lakini sikilizeni yaliyofuata Machakos. Matuta membamba ya lazima mengi yalibomoka. Tangu miaka ya 1950, watu walipoanza kupata pesa kwa kahawa na mboga na matunda, walianza wenyewe kuchimba matuta ya namna nyingine, yale tuyaitayo fanya juu, kwa sababu waliona kwamba maji yanayobaki shambani ni mahindi, na ni pesa. Vikundi vya mwethya, hasa vya akina mama, vilikwenda shamba kwa shamba. Katika miaka ya 1930 wilaya ile ilikuwa na watu wapatao 240,000. Mwaka 1989 walikuwa karibu 1,400,000. Wataalamu waliochunguza jambo hilo na kutoa kitabu mwaka 1994 waliona kwamba, ingawa watu walikuwa wameongezeka hivyo, mmomonyoko ulikuwa umepungua, na mavuno ya kila mtu yalikuwa yameongezeka. Wale waliosema mwaka 1937 kwamba nchi ile imekufa hawakuwa wamehesabu jembe la mama mwenye sababu ya kulima.

Basi tuanze kupanga. Kwanza ujue mteremko wako. Tafuta fito mbili zilizonyoka za mita 2, kamba ya mita 5 isiyovutika, na pima maji ndogo ya fundi ya kutundika kwenye kamba. Mtu mmoja asimame juu na kushika mwisho wa kamba chini kabisa penye ardhi. Mwingine asimame chini ya mteremko, kamba ikazwe, naye aipandishe kwenye ufito wake mpaka povu la pima maji likae katikati. Pima kamba imepanda kiasi gani kutoka ardhini. Ikiwa ni sentimita 60, mteremko wako ni asilimia 12. Ikiwa ni sentimita 175, ni asilimia 35. Pima mahali patatu au panne, maana kilima si sawa juu na chini.

Hesabu hizo mbili, 12 na 35, si za kubahatisha. Kanuni za mwaka 1965 zilizotungwa chini ya Sheria ya Kilimo, Sura ya 318, zilikataza kulima mahali penye mteremko uliozidi asilimia 35, na kutoka asilimia 12 hadi 35 zilitaka udongo ukingwe kwanza. Sheria hiyo iliondolewa Bunge lilipotunga sheria mpya mwaka 2013, lakini vilima havikubadilika, na Bwana Shamba wako bado atakuambia hayo hayo.

Mahali palipozidi asilimia 35 pape majani ya kukata, au miti, au matunda yenye majani chini yake. Usipalime mahindi hata mwaka mmoja tu. Tena katika nchi ya mvua nyingi usichimbe huko mitaro ya kushika maji, kwa maana maji yakijaa ndani ya kilima kikali, kilima chenyewe huweza kuporomoka juu ya nyumba za watu.

Mahali pa kati ndipo pa matuta. Kwa fanya juu unahitaji mstari wa kontua, yaani mstari unaokwenda kando ya kilima bila kupanda wala kushuka. Chukua tena fito zako, safari hii kwa kamba ya mita 10, uifunge kwa kimo kimoja kwenye fito zote mbili. Mtu wa kwanza asimame. Wa pili apande na kushuka mpaka povu likae katikati. Hapo piga kigingi, kisha endeleeni mbele. Mstari utakwenda ukipinda. Usiunyoshe kwa kuwa haupendezi! Unaweza kulainisha kona kali kidogo tu.

Chimba mtaro wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, na udongo wote uutupe upande wa juu. Ndiyo maana ukaitwa fanya juu. Acha nafasi ndogo kati ya mtaro na tuta ili udongo usirudi ndani. Panda majani juu ya tuta mara moja, kabla mvua haijalibomoa. Penye joto kiasi panda Napier, nawe utapata chakula cha ng'ombe. Huko Kinangop na mahali pengine pa juu Napier hupigwa na jalidi, basi tumia majani ya kienyeji yanayotambaa na kushika udongo. Mwaka hadi mwaka udongo utakaoteremka utasimama nyuma ya tuta, na shamba litageuka kuwa ngazi lenyewe. Huna haja ya kuchimba ngazi kwa siku moja.

Umbali kati ya tuta na tuta hutegemea mteremko. Kwa asilimia 5, mita 20 hivi. Kwa asilimia 12, mita 12 hivi. Kwa asilimia 20, mita 10. Katika nchi kavu mtaro uwe sawasawa na miisho yake izibwe, maji yabaki humo, na ndani yake waweza kupanda migomba. Katika nchi ya mvua nyingi mtaro uteremke kidogo sana, sentimita 2 hadi 5 tu kwa kila mita 10, kuelekea ile njia ya maji yenye majani ambayo mmekubaliana. Ukizidisha hapo, maji yatapata mbio na kuchimba.

Juu kabisa, kwenye mgongo wa kilima, ndipo mahali pa nyumba na barabara na miti. Maji ya barabara yasiachwe yakusanyike mpaka chini. Kila umbali mfupi yatolewe kando kwa mdomo mdogo, yaingie katika majani au katika silanga ya kunyweshea mifugo. Na usisahau bati la nyumba yako. Bati la mita 10 kwa 6 hukusanya lita 1,800 kwa mvua ile ya milimita 30. Maji hayo sasa yanachimba shimo nyuma ya jiko lako, huku mtoto akitumwa kijitoni na mtungi.

Juu ya miti nataka kusema neno, kwa sababu siku hizi watu hufikiri mti ni dawa ya kila ugonjwa. Kanuni za misitu ya mashambani za mwaka 2009 zilimtaka mkulima awe na miti katika sehemu 1 kwa 10 ya shamba lake, na ni jambo jema. Grevilia mpakani hukupa mbao na kuni na haigombani sana na mahindi. Lakini mikalitusi hunywa maji mengi. Ipande juu penye mawe, mbali na chemchemi na kinamasi. Na kuna mahali ambapo mti haufai kabisa. Uwanda wa Kinangop kwa asili ni nchi ya majani. Udongo wake wa chini ni mzito, hushika maji, na yale mafundo ya majani magumu ambayo mkulima huyaona kuwa takataka ndiyo yanayoyapokea maji na kuyatoa polepole. Ndani ya majani hayo hukaa ndege mdogo mwenye kifua cha manjano, Macronyx sharpei, ambaye haonekani katika nchi nyingine yoyote ila Kenya, naye hupungua kila majani yanapolimwa. Ikiwa una eka mbili za malisho ya namna hiyo, usizipindue zote kwa ajili ya viazi vya msimu mmoja, wala usizijaze mikalitusi ukadhani umeokoa nchi.

Sasa tufike chini, kijitoni. Hapa ndipo tamaa ilipo kubwa, kwa sababu ukingo wa kijito una unyevu na sukuma hukua hata Januari. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka ukingo wa kuhifadhiwa usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30, kwa kufuata upana wa mto. Usione kwamba umenyang'anywa ardhi. Ukingo wenye majani marefu, mianzi na miti ya asili huchuja udongo wa mwisho uliowaponyoka kule juu, na huwazuia ng'ombe wasiubomoe mto. Majani yakate, ufugie ng'ombe. Mboga zako zipande juu ya ukingo huo, uzimwagilie kwa ndoo. Kuhusu kinamasi, usikichimbie mfereji wa kukikausha. Kinamasi ni tangi la kijito. Ukikikausha utavuna mwaka huu na mwaka ujao, na kiangazi cha tatu mtakwenda wote kuchimba mchanga mkitafuta maji.

Jambo lililobaki ndilo gumu kuliko yote, nalo ni watoto. Wengi kati yenu ni watoto au wajukuu wa wale waliokuja na vitanda vyao juu ya lori katika miaka ya 1960. Tuseme baba aliacha eka 12, upana mita 100, urefu mita 485 kutoka barabarani mpaka kijitoni, na watoto ni wanne, wa kike na wa kiume. Kila mmoja anataka barabara na kila mmoja anataka maji. Basi ardhi hukatwa kama utepe: vipande vinne, kila kimoja mita 25 kwa 485. Kwa haki hakuna neno. Lakini tazama litakalotokea. Katika mita 25 ng'ombe wa plau hulazimika kugeuka kila mara, na trekta vilevile. Kwa hiyo kila mtu atalima juu-chini, na kila mfuo utakuwa mfereji. Kila mtu atataka njia yake ya kwendea kijitoni, na njia nne za miguu na za ng'ombe zitateremka moja kwa moja. Baada ya masika machache njia nne zitakuwa makorongo manne. Kila mtoto atakuwa amepewa eka 3 kwenye karatasi, na udongoni atakuwa na pungufu.

Wengine hushauri kukata ardhi kwa kontua, mmoja juu, mwingine chini yake, kama ngazi. Kwa udongo ni bora zaidi. Lakini wa chini atapitaje kwenda barabarani, na wa juu atachota wapi? Nikiwa ninawashauri watu, sichagui njia moja kwa wote. Jamaa wanaopatana wanaweza kukata utepe kwenye hati, na shambani wakaacha matuta yapite vipande vyote vinne bila kukatizwa, wakalima kwa kuvuka, plau moja siku moja, kila mtu akavuna kwake. Wawe na njia moja tu ya kushukia, mpakani, yenye vizuizi vya mawe na midomo ya kutoa maji. Jamaa wasiopatana ni afadhali wakate kwa kontua, na ile njia moja, pamoja na haki ya wote kuchota maji, iandikwe na kutiwa sahihi mzee akiwa hai. Maneno ya mdomo huenda naye kaburini. Tena kumbukeni kwamba kugawa ardhi ya kilimo kunahitaji kibali cha Bodi ya Ardhi. Kabla ya kwenda mbele ya Bodi, mzungukeni shamba pamoja siku ya mvua, watoto wote, na wakwe kama wapo. Na ikiwa sehemu zitakuwa ndogo mno, semeni wazi. Labda mmoja atapenda kununuliwa na wenzake akatafute duka mjini.

Mtu anaweza kuuliza, maji yakishatoka katika ploti ya mwisho yananihusu nini? Maji yanayoteremka kutoka safu ya Nyandarua huingia katika bwawa la Sasumua, lililomalizika mwaka 1956, na la Ndakaini, lililomalizika mwaka 1994, na ndiyo yanayonywewa Nairobi. Mito mingine hushuka mpaka Tana na bwawa la Masinga, la mwaka 1981, ambako udongo wa mashamba ya juu umekuwa ukijaza mahali pa maji ya umeme. Mwaka 2015 ulianzishwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambao umewasaidia wakulima wa huko kuchimba matuta na visilanga, kwa sababu watumiaji wa maji wa chini walipiga hesabu wakaona ni rahisi kumsaidia mwenye kilima kuliko kuyasafisha matope. Hii ni hoja nzuri ya kutaja mnapoomba msaada. Na usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu, maji ya mvua kubwa yalikusanyika nyuma ya tuta la reli, kwa sababu njia yake ya kupitia chini ya reli ilikuwa imezibwa na takataka na matope. Tuta lilipoachia, makumi ya watu walikufa vitandani mwao.

Kwa hiyo chagueni siku katika Januari au Februari, kabla mvua ndefu hazijafika, wakati udongo bado unachimbika na watu hawana palizi. Mwiteni afisa wa kilimo wa wadi yenu, lakini asipofika msingoje. Anzeni na ile njia ya maji, na majani yake yapandwe mvua za kwanza zikinyesha. Mpaka yashike, msielekeze humo mtaro wowote. Baadaye anzeni tuta la juu kabisa, mkishuka moja moja. Mkianza la chini, maji ya juu yatalibomoa kabla hamjalimaliza. Watu wachache huweza kupima mistari ya eka nyingi kwa siku moja. Pima maji moja, kamba na fito mbili zatosha mteremko mzima, na vitu hivyo viwekwe nyumbani kwa mtu ambaye hupatikana, siyo kwa yule anayefunga mlango na kwenda Nakuru kila wiki.